Fundo la Mfumaji

Katika viwanda vya nguo vya Thika na Ruiru, uzi hukatika. Hakuna mtambo wa kufumia uliokomesha jambo hilo, uwe mpya namna gani. Mtande una maelfu ya nyuzi zilizokazwa sambamba. Mmoja ukikatika, mtambo husimama wenyewe. Ndipo mfumaji anapokuja, tena bila haraka. Anapitisha mkono juu ya nyuzi, anaipata ncha iliyopotea, anaiungia kipande, anafunga fundo, anapunguza mkia wake, anaurudisha uzi tunduni na kuwasha. Fundo lenyewe ni dogo na bapa, na haliponyoki.

Watu huiita kazi ya mkono, wakimaanisha kwamba haihitaji kichwa. Hapo ndipo wanaponiudhi.

Vidole havina msuli hata mmoja. Misuli inayovikunja imelala kwenye kigasha, nayo huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kifundo cha mkono. Midogo zaidi, ya kusawazisha, imo kiganjani. Amri ya kuivuta hutoka kwenye ukanda wa ubongo unaoteremka kutoka utosini kuelekea sikioni. Mwaka 1937, Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal walichapisha ramani ya eneo hilo, waliyoipata kwa kuugusa kwa umeme hafifu ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji. Mkono umepewa nafasi kubwa kuliko kiwiliwili kizima.

Kutoka huko huteremka nyuzi za neva zipatazo milioni moja kila upande. Zinapokaribia shingo, kama tisa katika kila kumi huvuka kwenda upande wa pili, ndiyo maana mkono wa kulia wa mfumaji hutawaliwa na nusu ya kushoto ya ubongo. Kisha huingia ugwe mgongo, mshipi laini, mwembamba kama kidole, uliokingwa na pingili za uti wa mgongo. Zile za mkono huishia sehemu ya shingo, zikakabidhi amri kwa seli ambazo mikia yake hutoka nje hadi kwenye misuli. Kwa wanyama wengi amri hiyo hupitia seli za kati. Kwa binadamu, na baadhi ya nyani, ziko nyuzi zinazozifikia seli za vidole moja kwa moja. Paka hana njia hiyo. Hucheza na uzi mchana kutwa, lakini haufungi.

Bado amri peke yake haitoshi. Kisogoni kuna serebela, ndogo kwa umbo lakini yenye zaidi ya nusu ya seli za neva za ubongo wote. Kazi yake ni kulinganisha kilichokusudiwa na kinachotendeka, kwa habari zinazoletwa na ngozi, misuli na viungo, na kusahihisha mwendo ungali njiani. Anayejifunza hukodoa macho na kuuma ulimi, kwa kuwa kila hatua anaiamua upya. Mkongwe hufunga fundo huku akilalamikia nauli ya kurudi mtaani kwake Makongeni. Hajaacha kutumia kichwa. Kichwa ndicho kilichokwisha kujifunza, mara elfu kwa elfu, mpaka hakihitaji tena kumsumbua.

Uzi ukikatika huungwa. Ugwe mgongo ukikatika, hakuna fundi aliyewahi kuuunga, na wodi za Hospitali ya Taifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi, zina watu ambao ubongo wao bado hutoa amri ileile, nzima kabisa, isiyofika.

Turudi viwandani. Thika Cloth Mills imekuwapo tangu 1958. Viwanda vingine vya nguo nchini Kenya havikuwa na bahati hiyo, hasa baada ya soko kufunguliwa kwa mitumba katika miaka ya 1990. Kiwanda kikifungwa, mitambo hupigwa mnada. Ujuzi wa vidole haupigiki mnada. Hukaa miaka mingi kwa mwenyewe, hata akigeuka muuza mboga.

Ndiyo maana nauheshimu mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuliko mitihani mingi ya shuleni. Una sehemu ya vitendo, na hapo mtahini hana budi kutazama mikono. Ila huko langoni mwa viwanda, alfajiri, wanaotafuta kibarua hawaangaliwi mikono. Huulizwa kwanza walifika darasa la ngapi.