Insafu na Nusu: Uhakiki wa Mabishano juu ya Redio za Mazungumzo Marekani

Neno insafu na neno nusu yametoka katika shina moja la Kiarabu, walakini katika matumizi yametengana. Agawaye kwa nusu hukipima kitu. Agawaye kwa insafu humtazama mtu na haki yake. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyopotea katika mabishano marefu ya Wamarekani juu ya kanuni ambayo kwa Kiswahili yafaa kuitwa Kanuni ya Insafu.

Kanuni hiyo ilitangazwa mwaka 1949 na Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu ya Marekani, nayo ilikuwa na masharti mawili. Kwanza, mwenye leseni ya kutangaza atenge muda wa kutosha kwa mambo ya umma yenye kubishaniwa. Pili, katika mambo hayo zipewe nafasi rai zinazopingana. Haikuamriwa kwamba kila dakika ya huyu ilipwe kwa dakika ya yule. Sharti la nafasi sawa lilikuwapo, na lingalipo, lakini hilo ni jambo jingine: lahusu wagombea wa uchaguzi tu, nalo limo katika sheria ya mwaka 1934.

Kesi iliyoitia kanuni nguvu ilizuka katika mji mdogo wa Red Lion, Pennsylvania. Mwaka 1964 mhubiri Billy James Hargis alimshambulia redioni mwandishi Fred Cook, aliyekuwa ametunga kitabu cha kumlaumu Barry Goldwater. Cook akadai nafasi ya kujibu bila malipo, kituo kikakataa. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua kwamba, maadamu mawimbi ni machache kuliko wenye kuyataka, haki ya wasikilizaji yatangulia haki ya mwenye kituo. Hoja hii ni ya insafu hasa. Mahakama haikuwapimia wasemaji wawili. Ilimfikiria msikilizaji, asiye na kituo wala leseni.

Lakini hapana budi kuuliza nani aliyeishika mizani. Katika miaka ya 1970 Fred Friendly, mtangazaji mashuhuri, alionyesha kwamba madai ya Cook hayakuwa ya mtu mmoja tu, bali yaliambatana na juhudi za watu wa chama cha Democratic za kuvisumbua vituo vya mrengo wa kulia. Watetezi wa kanuni hawajalijibu jambo hili ipasavyo. Kanuni inaweza kuwa njema, na bado ikawa fimbo mkononi mwa mwenye nguvu. Isitoshe, mwaka 1985 Tume yenyewe ilisema kwamba vituo, kwa kuogopa malalamiko, hukwepa mambo ya ubishi. Hivyo kanuni iliyotaka watu waseme huzaa ukimya.

Mwaka 1987 Bunge lilipitisha muswada wa kuifanya kanuni kuwa sheria, Rais Reagan akaukataa. Mwezi wa Agosti Tume ikaifuta. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima, na redio za mazungumzo zikastawi. Tangu hapo lugha ya mjadala iliharibika. Mwaka 1993, ilipojaribiwa kurudishwa, wapinzani waliupa muswada jina la vina, Hush Rush, yaani kumnyamazisha Rush, na suala la umma likawa ugomvi wa mtu mmoja.

Upande wa pili nao uliingia katika hesabu. Mwaka 2007 taarifa ya Center for American Progress na Free Press ilichunguza vituo 257 vya makampuni matano makubwa, ikaona kwamba asilimia 91 ya mazungumzo ya kisiasa ya siku za kazi yalikuwa ya mrengo wa kulia. Waandishi wake waliulaumu zaidi umiliki wa vituo kuwa mikononi mwa wachache kuliko kufutwa kwa kanuni. Hata hivyo katika mabishano tarakimu hiyo ilisomwa kama dai la nusu kwa nusu. Mwaka huo huo Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 309 kwa 115 kuzuia fedha zisitumike kuirudisha kanuni. Na mwaka 2011 maneno yake yaliondolewa kabisa vitabuni.

Basi kosa la pande zote mbili ni moja. Wapinzani waliishambulia nusu ambayo kanuni haikuiamuru. Watetezi wakaitamani nusu hiyo hiyo, wakaisahau insafu waliyokuwa nayo. Hoja ya uchache wa mawimbi imedhoofika, kwa kuwa njia za kutangaza zimekuwa nyingi. Lakini swali la Red Lion halikufa pamoja nayo: aliyeshambuliwa mbele ya maelfu, atajibu wapi, na wale maelfu watamsikia kwa njia gani?

Kwa waandishi wa Kiswahili yamo mafunzo. Anayeitafsiri kanuni hii kuwa ya usawa, au ya mizani, ameingiza kosa la Wamarekani katika lugha isiyolihitaji. Usawa hutimizwa kwa saa ya ukutani. Insafu yataka hakimu, na hakimu naye yataka achungwe. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kanuni tangu mwanzo, na hapo ndipo mabishano yangalipaswa kuanzia.