Mafundi wa Hevi Metali

Mwaka 1965, jijini Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 alirudi nyumbani kula chakula cha mchana akasema kiwandani harudi tena. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, na alikuwa akijiandaa kwa ziara ya muziki Ulaya. Mama yake hakutaka kusikia hayo. Akamwambia akamalize siku yake. Tony Iommi alizoea kuchomelea vyuma, lakini siku hiyo mfanyakazi mwenzake hakufika, hivyo akawekwa kwenye mashine ya kukandamiza mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa ana shoto, hivyo ndivyo vidole anavyobania nyuzi za gitaa.

Wengi walimwona ameshamalizika. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeungua mkono katika moto wa mwaka 1928 na tangu hapo akapiga solo zake kwa vidole viwili. Iommi akaenda kujitengenezea vidole. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga, akaitoboa kwa chuma cha moto, akaisugua kwa msasa mpaka ikamkaa. Plastiki iliteleza kwenye nyuzi, basi akakata vipande vya ngozi kutoka koti kuukuu na kuvibandika juu yake. Nyuzi za gitaa za siku hizo nazo zilikuwa nene mno kwa vidole vyenye maumivu, akatafuta nyembamba za banjo.

Hapo ndipo hevi metali ilipopatia sura yake.

Bendi yake, Black Sabbath, ilirekodi albamu ya kwanza London mwezi Oktoba 1969, kwa siku moja tu. Gitaa alilokwenda nalo, Fender Stratocaster, likaharibika baada ya wimbo mmoja, akachukua Gibson SG ya akiba. Tangu hapo SG ikawa alama yake. Albamu ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Inafunguliwa na mvua, radi na kengele, kisha gitaa linapiga noti tatu polepole, ya mwisho ikiwa umbali wa toni tatu kamili kutoka ya kwanza. Sikio husubiri noti hiyo itulie mahali pake, nayo haitulii. Ukali wa wimbo mzima umebebwa na noti hizo tatu.

Mwaka 1971, katika albamu ya *Master of Reality*, Iommi alizishusha nyuzi kwa nusu toni tatu. Nyuzi zilizolegea zilimpunguzia kazi ya vidole na kumpa sauti nzito inayotoka chini kabisa. Mpiga besi wa bendi hiyo, Geezer Butler, naye akalishusha gitaa lake la besi wakaenda pamoja. Leo bendi za metali dunia nzima hushusha nyuzi, nyingi zikiwa na wapiga gitaa wenye vidole vyote kumi.

Ufundi huo ulipata warithi hapohapo Birmingham. Bendi ya Judas Priest walipokuwa wakirekodi *British Steel*, iliyotoka mwaka 1980, walitaka mlio wa majitu ya chuma yakipiga gwaride katika wimbo "Metal Gods". Hawakuwa na kompyuta ya kuwatolea sauti hiyo, wakachukua trei ya vijiko, uma na visu, wakaitikisa mbele ya maikrofoni.

Ng'ambo ya Atlantiki, James Hetfield wa Metallica aliupeleka ufundi huo kwenye mkono unaopiga nyuzi. Wapiga gitaa wengi hupiga juu na chini kwa zamu ili kuokoa nguvu. Katika "Master of Puppets" ya mwaka 1986, Hetfield anapiga sehemu kubwa kuelekea chini tu, kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika, huku ukingo wa kiganja ukizibana nyuzi zisivume. Kila noti inatoka imekatwa sawasawa na ya kabla yake. Mwanafunzi anayejaribu hivyo kwa dakika mbili hushikwa na ganzi mkononi.

Anayeuita muziki huu makelele hajautazama ukitengenezwa. Vijana wa Nairobi waliutazama. Martin Khanja na Sam Karugu, waliokulia katika bendi za metali za jiji hilo, waliunda kundi la Duma, na mwaka 2020 albamu yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ngoma za albamu hiyo zilitoka kwenye mashine, kwa kasi ambayo mikono ya binadamu haiifikii.

Tarehe 5 Julai 2025, Black Sabbath wote wanne walipiga kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, Birmingham. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Alifariki siku 17 baadaye. Iommi, mwenye miaka 77, alipiga akiwa amesimama wima.

Anayetaka kuujua muziki huu aanze na *Master of Reality*, kwa spika zenye besi ya kutosha. Amwache mwimbaji kwanza, alifuate gitaa.