Vifungo Sita vya Kijapani

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alivigeuza vifungo vyangu sita mara moja tu, akasema thamani yake imekwisha kwa sababu dhahabu imefutika. Ni vifungo vya Satsuma, nilivyovinunua sokoni London mwaka 1984 nilipokuwa masomoni. Hukumu yake siikubali yote.

Msomaji aelewe kwanza kwamba kimono haina vifungo. Hufungwa kwa mshipi uitwao obi. Vifungo hivi Wajapani walivitengeneza kwa ajili ya nguo za wageni, hasa katika enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912. Jina ni la jimbo la zamani la Satsuma, kusini mwa Japani, ingawa vingi vilichorwa Kyoto na miji mingine. Udongo huchomwa, hupakwa mng'ao wa rangi ya maziwa wenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kisha mchoraji huweka rangi na dhahabu juu yake, na kifungo hurudishwa tanuruni kwa moto mdogo. Kimoja changu, kisichozidi sarafu kwa upana, kina mwanamke, mwavuli na mto. Katika miaka yangu yote ya chuo cha ualimu sikupata mwanafunzi wa sanaa aliyeweza kujaza nafasi ndogo namna hiyo bila kuisonga.

Sasa tazama netsuke. Hicho ni kijitu cha kuchonga, cha mti au pembe ya ndovu, kilichozuia kamba ya kibweta isichomoke mshipini. Kikilainika kwa kushikwashikwa, wakusanyaji hukisifu. Kifungo kikichakaa kwa kazi hiyo hiyo ya kuvaliwa, hukidharau. Wanachokitukuza ni kile ambacho uzi haujapita kwenye tundu lake la nyuma: kifungo ambacho hakijafunga kitu!

Nakiri kwamba pembe ikisuguliwa hung'aa, kwa kuwa ni kitu kimoja ndani na nje. Dhahabu ya kifungo imelazwa juu tu, nayo ikitoka imetoka. Mwanamke wangu wa mwavuli sasa hana mshipi. Kama mchoro amepungua, na kumwita mzuri zaidi kwa sababu hiyo ungekuwa upendeleo. Lakini yule fundi alikuwa akitengeneza kifungo, si picha ya kutundika ukutani.

Marehemu mke wangu alivishona kwenye gauni lake la kijani, lililofunguka mbele. Alilivaa kwa zaidi ya miaka ishirini, harusini na kwenye mahafali ya chuo. Hakuna hata kimoja kilichong'oka. Cha pili kutoka juu ndicho kilichofutika kuliko vyote, maana hapo ndipo watoto wetu walipokuwa wakishika kila alipowabeba.