Moto Mdogo wa Alfajiri

Anayetaka kumjua mpishi wa kambini asimtazame jioni. Jioni kila mtu ni fundi: kuni zimekaushwa na jua la mchana, watu wameketi wakipiga soga, na njaa inasamehe makosa mengi. Alfajiri hakuna msamaha. Kuni zimelowa umande, vidole vina ganzi, na wageni wanataka kuondoka kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo hubainika nani anajua kupika na nani anajua kuwasha moto tu. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa kifungua kinywa cha porini hupimwa kwa uchache wa moto: kadiri fundi anavyoiva, ndivyo kuni zake zinavyopungua. Same panafaa sana kwa kulithibitisha hilo. Mji wenyewe uko upande mkavu wa milima ya Upare, na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko kilomita chache tu kutoka hapo. Lakini ukipanda kuelekea Chome na kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, unaingia kwenye msitu wa ukungu na baridi.

Tuanzie nyikani. Kwa jicho la mpishi, mgunga na mbambara si miti ya daraja moja. Mgunga ni mgumu, huwaka taratibu na kuacha makaa yanayodumu. Mbambara ni laini, na waliopanda ua wa mbambara kuzunguka boma walijua kwa nini hawakuupeleka jikoni. Asiyejua hili hurundika chochote anachookota, akapata miali mirefu inayolamba ubavu wa sufuria na kupeperushwa na upepo, huku kitako, panapoiva chakula, kikipata joto la kubahatisha. Anayejua huweka mafiga matatu karibu karibu, lililo kubwa likiwa upande upepo unakotoka. Hachukui mawe ya mtoni, kwa sababu jiwe lililonyonya maji hupasuka likipata moto. Sufuria ameshaipaka tope la majivu kwa nje ili masizi yasigande. Kuni zake hukutana ncha tu: akitaka moto upande huzisukuma ndani, akitaka ushuke huzivuta nje. Huhitaji chombo cha dukani kufanya hivyo, ila huwezi kuondoka hapo kwenda kupiga picha.

Mlimani kuna somo gumu zaidi. Kwenye kimo cha Shengena maji huchemka yakiwa na nyuzijoto zipatazo 92, si 100. Chai haioni tofauti kubwa, lakini maharage yanaiona. Mwenye haraka huongeza kuni, na hapo anapoteza tu, maana maji yakishachemka hayazidi joto kwa kuchochewa, yanakauka upesi. Dawa ya maharage ya mlimani ni muda, na muda huo haupatikani asubuhi. Ndiyo maana nayatetea makande, chakula ambacho Wapare wanataniwa nacho nchi nzima. Mahindi yaliyokobolewa na maharage hulowekwa tangu mchana, hubandikwa jioni, hutokota polepole watu wakisimuliana, kisha makaa hufukiwa majivu. Alfajiri fundi hufukua makaa hayo, huongeza vijiti vichache alivyovilaza chini ya turubai visilowe, na kiporo kinachemka tena. Utani humsingizia Mpare ubahili. Kwa habari ya kuni, laiti sote tungekuwa wabahili.

Pembeni ya kiporo huwa kuna chai, na tangawizi ya Mamba Myamba, inayolimwa kwenye milima hiyo hiyo ya Upare, haina sababu ya kukosekana. Hupondwa kwa jiwe na kuchemshwa ndani ya maji kwanza; maziwa hufuata baadaye. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, na mchemko hukiua. Wapishi walijua utaratibu huu kabla ya mtu yeyote kuwaeleza habari za vimeng'enya.

Atatokea wa kuuliza: kwa nini usumbuke, wakati mtungi mdogo wa gesi unaingia kwenye begi? Swali ni la haki, na lina uzito kuliko linavyoonekana. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na mama anayekohoa jikoni kila siku hahitaji insha ya kumsifia moshi. Nakubali bila kinyongo. Ninachosifu mimi ni maarifa, na maarifa haya yalitoka kwa mama huyo huyo, si kwa mtalii wa wikiendi. Nayo hayafi kuni zikiondoka: anayeloweka maharage, anayefunika sufuria na kupunguza moto baada ya mchemko huokoa gesi vilevile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Oktoba 2020 mlima Kilimanjaro uliungua kwa siku kadhaa, na taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) ziliuhusisha moto huo na wabebaji waliokuwa wakipasha chakula eneo la Whona. Kwa hiyo kusema kwamba fundi haunguzi msitu hakutoshi. Hata fundi hupitiwa. Milima ya Upare ina la ziada la kupoteza, kwa kuwa misitu yake ndiyo inayolisha vijito vinavyojaza ndiva, mabwawa ya jadi yanayokusanya maji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Mahali ambapo moto umekatazwa, mpishi bora ni yule aliyebeba gesi na hakulalamika.

Basi kabla ya kupanga mafiga, uliza lango la Zange kama unakwenda Mkomazi, au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kama unapanda Chome, moto unaruhusiwa wapi na kuni zitoke wapi. Ukimaliza chai, mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha weka kiganja juu yake. Kikishindwa kukaa, hujamaliza kupika.