Kitenzi Kinachokaa Mwisho

Kwa aliyekulia Ng'ambo, Tabora, kujifunza lugha ya watu wa mbali si jambo geni. Kiswahili chenyewe kilipanda huku na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu walikishika njiani, pasipo darasa wala kitabu. Kijana wa leo anayejifunza Kijapani kwa masomo ya NHK, ambayo yametolewa kwa Kiswahili, yumo katika desturi ya hapa hapa.

Ninachokistaajabia katika lugha hiyo ni kitenzi. Chukua sentensi hii: Juma wa Ng'ambo de hachimitsu o kaimashita. Juma alinunua asali Ng'ambo. Vijineno vile hukaa nyuma ya nomino: wa humwonyesha tunayemzungumzia, de mahali pa tendo, o kitu kinachotendwa. Ni kama mizigo ya msafara, kila mmoja na alama yake. Waweza kutanguliza asali, Juma akafuata, na maana isipotee. Kitenzi ndicho kisichohama. Hufunga sentensi, na uzito wote uko mkiani mwake. Kaimasu, hununua. Kaimasen, hanunui. Kaimashita, alinunua. Kaimasen deshita, hakununua. Hiyo mas ya katikati ni heshima kwa unayezungumza naye, imeshonwa ndani ya kitenzi chenyewe.

Sisi hukanusha mapema, kwa ha- ya mwanzo kabisa. Mjapani atakutajia Juma, Ng'ambo na asali, nawe bado hujui kama asali ilinunuliwa. Lazima umsikilize mpaka silabi ya mwisho, na kwangu hilo ni jambo zuri sana katika lugha.

Kwenye mkia huo wa viungo ndipo wanaoanza hukata tamaa, na hawana sababu. Litazame neno letu kulishwa: mzizi wa kula, ikaja sh ya kumfanya mtu atende, ikaja w ya kutendwa. Kijapani husema tabesaserareru. Tabe ni kula, sase ni kumfanya mtu atende, rare ni kutendwa. Viungo vilevile, kwa mfuatano uleule, katika lugha mbili zisizo na undugu unaojulikana! Kila nikilirudia hilo nastaajabu upya. Na Mnyamwezi ana la ziada, maana Kinyamwezi huweka -ile mkiani mwa kitenzi kuonyesha tendo lililokwisha kutendeka, kiungo ambacho Kiswahili sanifu hakikitumii tena. Sikio lake limeshazoea kuungoja mkia.

Basi wewe unayeanza, ziache kwanza zile herufi za kanji. Shika kitenzi taberu, kula, ukinyambue kwa sauti: tabenai, hali, tabeta, alikula, tabenakatta, hakula, tabetai, nataka kula. Mdomo ukishazoea, nenda kwenye sentensi ndefu, na ikikushinda, anza kuifungua kutoka nyuma.