Chupa Tano za Dodoma

Ukitaka kulinganisha mivinyo na wenzako, anza na mweupe mkavu, umalizie na ule mtamu mzito. Ukigeuza mpangilio umeharibu kila kitu, maana ulimi ukishalowa sukari, chochote kinachofuata kitaonekana kichachu hata kama ni kazi safi. Sisi hukutana Dodoma, barazani kwa mmoja wetu, mwezi Agosti, wakati upepo wa kiangazi bado una baridi yake. Kila mgeni huja na chupa moja aliyoizungushia gazeti ili jina lisionekane. Sharti ni kwamba zabibu ziwe za hapahapa Dodoma. Mbuzi yuko motoni, glasi hazifanani, na mtu husema anachokionja kwa maneno yake mwenyewe.

Safari hii chupa zilikuwa tano. Waonjaji wawili walitufaa kuliko wote: mzee mmoja mkulima wa zabibu kutoka Mpunguzi, na dada anayesimamia matangi katika kiwanda kidogo cha mvinyo. Yeye humwita mzee "babu", mzee humwita "mwanangu", na wakibishana sisi wengine hunyamaza tusikilize.

Chupa ya kwanza ilikuwa Chenin Blanc. Asili ya zabibu hii ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, ingawa leo Afrika Kusini ndiyo inayoilima kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Dodoma imeipokea vizuri kwa sababu moja kubwa: inashikilia ugwadu wake hata jua likiwa kali. Zabibu inapoiva, sukari hupanda na ugwadu hushuka, na kwenye joto ugwadu hushuka mbio. Kwa hiyo siku ya kuvuna haiandikwi kwenye kalenda. Ukiwahi, mvinyo utakuwa mwembamba, una ukali wa tunda bichi. Ukichelewa, utapata mvinyo mnene uliolegea, unaojaza mdomo bila kuuamsha.

Dada wa matangi ana kifaa kidogo kama darubini. Hudondoshea tone la maji ya zabibu kwenye kioo chake, akaangalia kwenye mwanga na kusoma kiwango cha sukari. Lakini haishii hapo. Hutembea mstari mzima wa shamba akichuma punje moja huku na moja kule, hutafuna ganda polepole, kisha hutema kokwa kiganjani na kuzitazama. Kokwa ikiwa bado ya kijani, anaondoka. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kwa meno, anawaambia watu waje kesho alfajiri. Alfajiri ina sababu yake: zabibu iliyochumwa saa saba mchana hufika kiwandani ikiwa na joto, imeanza kuchachuka yenyewe kwa vijidudu ambavyo hakuna aliyevialika.

Baada ya hapo kazi ni ya baridi na subira. Maji ya zabibu hukamuliwa taratibu ili kokwa zisipasuke, yakatulia, kisha hamira ikatiwa. Mvinyo mweupe hupenda kuchachuka kwenye nyuzijoto 15 hivi. Ukiiachia hamira joto la mchana wa Dodoma, itafanya kazi kwa pupa na harufu zote nzuri zitapotelea hewani pamoja na hewa ukaa. Kwa hiyo yule anayekuletea glasi ya mvinyo mweupe wenye harufu ya pera linaloanza kuiva na limau lililokatwa sasa hivi amelinda tangi lake usiku na mchana, tena katika mji ambao baridi yake hulipiwa kwa umeme. Ile chupa ya Agosti ilikuwa na harufu hizo zote, na mwishoni ikabaki asali kidogo kooni, ingawa sukari haikuwamo. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa bora ya usiku ule, nami nilisema hivyo kabla gazeti halijavuliwa.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya waridi. Ilinyweka kwa furaha na ikaisha upesi. Naitaja kwa sababu inaonyesha wazi rangi inatoka wapi. Ukifinya zabibu nyekundu kati ya vidole, mara nyingi utaona maji yake hayana wekundu. Rangi yote imo kwenye ganda. Maganda yakikaa na maji saa chache, unapata waridi. Yakikaa siku kadhaa, unapata mvinyo mwekundu. Wanaoutengeneza vizuri hukaa macho kwenye hizo saa chache, maana rangi ikishaingia haitoki.

Ya tatu ndiyo tuliyoizungumza zaidi: nyekundu kavu ya zabibu ya Makutupora, aina iliyochukua jina la mahali ilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini ya mji. Hapo dada akavuta kiti.

Nimewahi kusimama kando ya tangi la mvinyo mwekundu wakati wa mavuno. Hamira ikishachangamka, hewa ukaa huyasukuma maganda yote juu, yakashikamana kuwa tabaka nene ambalo watu wa kazi huliita kofia. Kijana alikuwa juu ya jukwaa akiwa na mti mrefu wenye bamba chini yake. Aliukandamiza; kofia ikagoma. Akaegemea kwa uzito wa mwili, ikapasuka, povu la zambarau likachuruzika pembeni na mvuke wenye harufu ya mkate na matunda ukapanda. Aligeuza uso upande kila aliposukuma, kwa kuwa hewa ile haina pumzi ndani yake na mtu aliyeinama juu yake anaweza kuzimia. Akahamia hatua moja, akasukuma tena, hadi akauzunguka mdomo wote wa tangi. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa siku, na usiku pia. Kofia ikiachwa ikauke, bakteria wa siki hupata makao, na kinachotoka hapo hata mkeo hatakitia kwenye kachumbari.

Kila siku ya maganda huongeza rangi, na huongeza pia ukakasi, ule unaokausha ulimi na ufizi kama ukila bibo la korosho. Ukakasi wa ganda ni laini. Wa kokwa na vijiti ni mkali na hauna adabu. Mtengenezaji huonja kila asubuhi akingoja ule wa kwanza ukomae na ule wa pili usijitokeze. Siku akihisi umefika, hufungua bomba, akautenga mvinyo na maganda, na hawezi kubadilisha tena mawazo.

Kunywa mvinyo wa namna hii mtupu, utasema ni mkali. Ndiyo maana tulingoja mbuzi atoke motoni. Ukakasi hupenda kushikamana na protini. Usipokuwa na kitu mdomoni hushika mate yako, ukiwa na nyama hushika nyama, na ulimi ukabaki huru. Shemeji mmoja aliyekuwa amekunja uso kwa funda la kwanza alikula kipande cha mbavu chenye mafuta, akanywa tena, akanyoosha glasi aongezewe.

Mzee yeye hakuongeza. Aliuzungusha mvinyo, akaunusa, akanywa kidogo, akasema, "Hii ni ya masika."

Dada akacheka kwa mshangao. "Babu, umejuaje?"

"Mwanangu, maji hayafichiki."

Alikuwa amepatia. Hapo ndipo ilipo siri ya shamba la Dodoma, ambayo huwezi kuiona ukitazama matangi peke yake. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukaamka na majira, ukazaa mara moja. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha, utaendelea kutoa majani kwa fujo. Anayeuambia mzabibu wa Dodoma kwamba mwaka umeanza ni mtu mwenye mkasi. Siku ya kupogolea ndiyo siku ya kwanza ya msimu, na kutoka hapo hadi zabibu kuiva ni kama miezi minne. Ndiyo maana shamba moja hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka: mara moja mvua zikiwa hazijakatika, na mara nyingine ndani ya kiangazi, mwezi Agosti na Septemba.

Mzee hupogolea kwa namna inayostahili kutazamwa. Hushika tawi lililozaa msimu uliopita, hulipapasa kwa kidole gumba kutafuta macho, huacha mawili yaliyo karibu na shina, na hukata kimshazari juu kidogo ya jicho la pili, mteremko ukielekea upande usio na jicho. Muda si mrefu mzabibu huanza kulia: utomvu mwepesi hutokeza kwenye jeraha na kudondoka. Ule mteremko umewekwa ili machozi hayo yasipite juu ya jicho linalotakiwa kuchipua. Kisha tawi linalofuata, na linalofuata. Akiacha macho mengi mno, atapata vichala vingi vyenye zabibu za maji. Akiacha machache mno, mwaka huo hana cha kuuza. Shamba zima ni maelfu ya maamuzi ya aina hiyo, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye chupa kwa macho.

Mvua za Dodoma si nyingi, ziko kwenye milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na hunyesha katika kipindi kimoja. Zabibu zinazoiva humo hunywa maji mengi, punje huvimba, sukari na rangi hupungua, na ukungu hushambulia vichala. Mkulima hupambana, na hupata mvinyo unaonyweka. Zabibu za kiangazi huiva kwenye hewa kavu, huku mkulima akizipa maji ya kisima kwa kipimo. Punje ni ndogo, ganda ni nene, na mvinyo wake una uti wa mgongo. Ile chupa ya tatu ilikuwa kazi ya mikono mizuri juu ya zabibu za maji, na mzee aliyasikia yote mawili.

Chupa ya nne ilikuwa nyekundu tamu, ambayo ndiyo Watanzania wengi wanayoijua wanaposikia mvinyo wa Dodoma. Wapo wanaoubeza utamu, nami siko nao. Mizabibu ya hapa ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, nje kidogo ya mji, na sheria ya Kanisa hutaka divai ya misa itokane na tunda la mzabibu tu na isiwe imeharibika. Baadaye ikaja kampuni ya umma, DOWICO, na baada yake viwanda binafsi kama kile cha Hombolo, na soko lililowalipa wakulima wakati wote huo limependa sana kitu kitamu. Mchuzi wa zabibu unaokamuliwa hapa huuzwa kwa malori, na ni huo utamu unaosomesha watoto.

Ila utamu nao una ufundi. Kwa hesabu ya viwandani, takribani gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kileo. Hamira ikiachiwa, hula yote na mvinyo hutoka mkavu. Mwenye kutaka utamu wa zabibu yenyewe lazima aizuie njiani: alishushe joto la tangi ghafla, auchuje mvinyo hamira isibaki hata chembe, asije akasikia vizibo vikiruka stoo. Njia nyingine ni kuacha uwe mkavu kisha kutia sukari. Tofauti huonekana mdomoni. Sukari iliyotiwa hukaa juu peke yake; iliyobaki imekuja na ugwadu wa tunda lake, na ukimeza mdomo unabaki safi. Chupa yetu ilikuwa ya sukari iliyobaki. Kwa kuku mwenye pilipili nyingi, hakuna iliyoifikia, maana mvinyo mkavu ungeuchochea ule moto na huu uliutuliza.

Ya tano ilitiwa pombe kali wakati hamira bado inafanya kazi, mtindo wanaoutumia Wareno wa bonde la Douro kutengeneza Port. Kileo kikipanda karibu na asilimia 20, hamira hufa na sukari hubaki. Tuliinywa kidogokidogo na karanga za kukaanga.

Magazeti yalipovuliwa, mzee alizigeuza chupa zote akisoma lebo, akaziweka chini bila kuridhika. Alisema mwaka peke yake unamtosha Mzungu, ambaye mzabibu wake huzaa mara moja. Kwa Dodoma, mwaka mmoja una mivinyo miwili isiyofanana, na mnunuzi hajui ameshika upi. Anataka lebo iseme kiangazi au masika. Namuunga mkono kabisa, na ningeongeza jina la kijiji, kwa kuwa udongo wa Hombolo si wa Mpunguzi. Dada alijibu kwamba kuchapisha lebo mpya ni gharama, lakini ataanza na Chenin ya mwezi huu, kwa sababu hiyo anaijua hadi mstari wa shamba ilikotoka.