Bunduki ya Tumaini, na Ile ya Isimani

Mtoto wa mjomba wangu anataka kununua bunduki. Wezi wameingia kwake Kihesa mara mbili mwaka huu, na mara ya pili mkewe na watoto walikuwa ndani. Tulipokuwa tunabishana akanitupia jina ambalo watu wa Iringa hatuliachi mdomoni: "Kwani Mwamwindi angekuwa na jembe tu, leo nani angemjua?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaitafuta Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1975.

Kwa wasiokijua kisa: siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alimfuata Said Mwamwindi shambani kwake Mkungugu, Isimani. Zilikuwa siku za kuwahimiza watu, na mara nyingine kuwasukuma, waingie vijiji vya Ujamaa. Wakarushiana maneno. Mwamwindi akaenda kuchukua bunduki, akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari la mkuu huyohuyo, akaendesha hadi polisi mjini na kujisalimisha. Alinyongwa. Chuo cha ualimu hapa mjini kina jina la Klerruu. Vilabu vya ulanzi anasifiwa yule mwingine.

Katika riwaya, Tumaini anatapanya urithi, anajirudi, anatajirika kwa kilimo, halafu Ujamaa unafika mlangoni kwake. Anamuua kiongozi, anahukumiwa kifo. Ni vigumu kuisoma bila kuiona Isimani. Shuleni tuliambiwa dhamira ni athari za Azimio la Arusha, tukajaza karatasi ya mtihani, tukafaulu. Hatukusimama hata kidogo kwenye silaha.

Safari hii nilisimama. Kezilahabi anatutembeza na Tumaini tangu ujana: ulevi wake, wanawake wake, majuto yake. Anapoua tumeshakuwa ndani ya ngozi yake. Anayeuawa tunamjua kwa cheo tu. Huo kwangu ndio udhaifu wa kitabu, na jamani, ni udhaifu uleule wa masimulizi ya kilabuni: mmoja ni mtu, mwingine ni serikali. Ndiyo maana msomaji anakuwa mwepesi wa kusema, "Alijilinda."

Alijilinda na nini? Sheria yetu inakupa haki ya kujilinda, wewe na mali yako, ila kwa nguvu ya kadiri. Hata kwenye kesi ya Mwamwindi utetezi ulikuwa kwamba alighadhibishwa, na hali ya akili yake. Na hoja ya kughadhibishwa inasimama au inaanguka kwa muda: hasira ilipata nafasi ya kupoa, au haikupata? Yaani zile hatua za kutoka shambani kwenda kuchukua bunduki, na kurudi. Natamani Kezilahabi angekaa humo kurasa ishirini. Isimani wakulima wanapakana na pori. Bunduki ya shambani ni ya nguruwe na nyani. Inakuwaje mtu aishike kwa ajili ya binadamu, na njiani asibadili nia?

Sisemi dhuluma haikuwepo. Ardhi uliyoing'oa visiki mwenyewe ikiambiwa si yako, maneno hayakutoshi. Na kuandika hayo mwaka 1975, Operesheni Vijiji ikiwa bado inaendelea, kulihitaji roho ngumu. Kwa hilo tu namvulia kofia, na bado nasema marehemu wake alistahili angalau mke, au utoto, au kikohozi.

Jumapili iliyopita nilikipeleka kitabu Kihesa, nikamsomea ndugu yangu kurasa za mwisho. Alisikiliza kimya mpaka nikafunga. Kisha akaniuliza, "Sasa wezi wakirudi, kaka, niwasomee riwaya?"

Tukacheka wote, mkewe hakucheka. Nakala yangu anayo mpaka leo. Mezani kwake niliona na fomu ya kuombea kibali polisi, imejazwa nusu.